Anayeonja Kwanza

Asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la mbele, Coleta aliangalia kwanza chupa zilizobaki jana. Alichukua ile iliyokuwa nusu, akaing'oa kizibo kwa meno, akamimina kwenye kikombe kidogo cha kahawa, akameza akiwa amesimama. Kwake huko hakukuwa kunywa. Kulikuwa kuonja. Waini iliyofunguliwa ikilala huweza kuchacha, na mwenye grosari akimpa mgeni kitu kilichochacha, jina lake ndilo linalochacha. Baada ya hapo mikono yake ilitulia, akaweza kuwasha jiko la mkaa bila kumwaga njiti za kiberiti sakafuni. Mikono hiyo ilianza kutetemeka asubuhi tangu kipupwe cha mwaka uliopita. Lakini Sumbawanga mwezi wa saba hata mbuzi hutetemeka, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza, na yeye hakujiuliza.

Grosari ilikuwa sebule ya nyumba yao, mtaa mmoja wa Malangali. Makochi yaliuzwa, vikaingia viti vya plastiki vyenye vitambaa vya kufuma. Picha ya Moyo Mtakatifu ilibaki mahali pake ukutani, na kabati la vyombo lililokuwa chini yake likageuzwa kaunta. Coleta hakuuza bia wala pombe kali. Aliuza waini tu, nyekundu na tamu, ile inayoletwa kutoka Dodoma, na karibu wateja wake wote walikuwa wanawake: walimu, makarani, wake za wafanyabiashara wa mahindi, wauza vitenge. Walifika wakitoka kazini, jua bado lipo, wakakaa na mikoba mapajani, wakaondoka kwenda kupika. Hapakuwa na hata mmoja wao ambaye angekubali kuonekana mlangoni mwa kilabu cha komoni, ile pombe ya kienyeji.

"Pombe ni ile inayomlaza mtu mtaroni," alipenda kusema Minza. "Hii ni kinywaji. Tena inaongeza damu. Angalia rangi yake!"

Minza alikuwa mke wa Ngeleja, mfugaji aliyehamia Rukwa na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Alikuwa mrefu, mcheshi, na hata akinong'ona ungedhani anaita ndama walioko ng'ambo ya bonde. Ndiye aliyekuwa rafiki wa Coleta kuliko wote.

Coleta alikuwa ameiona waini ikiingia mjini kidogo kidogo. Utotoni mwake ilikuwa ya padre altareni. Baadaye ikasogea hadi meza kuu ya bwana na bibi harusi, chupa mbili zenye utepe, wengine wakiitazama kwa mbali. Kisha ikafika kwenye kicheni pati, kisha kwenye kipaimara cha mtoto, kisha siku ya mshahara. Halafu ikawa Jumanne tu, mtu ametoka kazini amechoka. Katika kundi la simu la kina mama wa mtaa ulizunguka ujumbe kwamba glasi moja kwa siku hulinda moyo. Ujumbe haukusema glasi ya ukubwa gani, na glasi za Coleta zilikuwa kubwa, kwa sababu wateja hawapendi vijiglasi.

Mama yake, Josefina, hakuwahi kuuza kitu chenye utepe. Alikuwa mpishi wa pombe ya ulezi, na maarifa yote ya biashara aliyokuwa nayo Coleta yalitoka kwake. La kwanza kati ya hayo lilikuwa hili: mwenye chungu huonja kwanza, mbele ya watu. Anachota kwa kata, anameza, ndipo anampa mgeni. Mgeni akishaona hivyo anajua hakuna sumu.

"Na haangalii mdomo wako," Josefina alimfundisha. "Mdomo unadanganya. Anaangalia koo. Koo lisipocheza, hujaonja."

Coleta hakuhitaji kuelezwa mara mbili, kwa sababu aliyaona mwenyewe. Alikuwa na miaka tisa. Josefina alikuwa kitandani, malaria imemlaza, na pombe ilikuwa tayari na watu wamekwisha kufika. Shangazi akagawa. Hakuonja, alikuwa na haraka. Mzee mmoja akanywa, akarudi kwake, hakuamka. Alikuwa mgonjwa wa kifua kwa miaka, lakini siku ile hakuna aliyekikumbuka kifua chake. Walikumbuka kwamba mwenye chungu alijifungia ndani na hakuonja. Nyumba yao ya nyasi ilichomwa moto kabla mzee hajazikwa. Wakahamia kijiji cha Pito na chungu kimoja, na maisha yake yote Josefina alilisema jambo hilo kwa sentensi ile ile: "Laiti ningeamka nikameza funda moja."

Kwa hiyo Coleta alipofungua grosari, alionja. Kila chupa iliyofunguliwa mezani, aliimimina kwanza kwenye kile kikombe cha kahawa, akainua kidevu, koo likaonekana likicheza, ndipo akajaza glasi za wageni. Wateja waliipenda desturi hiyo. Waliiita heshima. Wapo waliotoka mitaa ya mbali, wakimwita kwa jina la binti yake, wakisema, "Twende kwa Mama Faith, yule haogopi chupa yake."

Chupa zile zilitoka kiwandani zikiwa zimefungwa, na hakuna mtu wa Malangali aliyeweza kutia kitu ndani yake. Lakini mkono unaofungua ndio unaoshukiwa. Wala hakuna aliyekaa chini akalinganisha. Pombe ya Josefina ilipikwa kwa vipindi, mavuno yakiruhusu. Chungu kimoja kilitosha ukoo mzima, na funda moja lilitosha chungu kizima. Tena ile pombe ilikuwa nusu uji. Kwa Coleta kila meza ilikuwa na chupa yake, meza zilijaa kila siku ya Mungu, na waini ina nguvu mara kadhaa kuliko pombe ya ulezi. Kanuni ilikuwa ile ile ya mama. Kilichobadilika ni kilichomo ndani ya kikombe, na idadi ya vikombe.

Mumewe, Basil, hakuliona hilo. Alikuwa mfanyabiashara wa migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika; sehemu kubwa ya wiki aliimaliza njiani kati ya Kasanga na soko la Sumbawanga. Yeye hakugusa pombe ya aina yoyote, na alijivunia kuwa mkewe yuko kama yeye. "Mke wangu anauza hadi basi," aliwaambia wenzake, "lakini hujamkuta na glasi mkononi."

Ilikuwa kweli. Glasi, hapana.

Kikohozi kilipomshika Coleta mwezi wa nne na kugoma kuondoka, alikwenda hospitali akapimwa makohozi. Kilikuwa kifua kikuu. Muuguzi aliyempa dawa alikuwa kijana mpole aliyeitwa Flavian.

"Mama, unakunywa pombe?"

"Hapana."

"Bia, komoni, waini, chochote?"

"Mwanangu, mimi ndiye muuzaji wa waini. Muuzaji akinywa, si atakunywa mtaji?"

Flavian akacheka. "Hapo umenena, mama. Nauliza kwa sababu hizi dawa ni nzito kwa ini. Ini likiwa zima, hakuna wasiwasi."

Coleta alitoka pale bila kuhisi kwamba ameficha kitu. Alichoficha ni ugonjwa wenyewe. Majirani aliwaambia ni kifua cha vumbi. Alijua kwamba mgonjwa akishaanza dawa na zikamkolea huacha kuambukiza, Flavian alimweleza vizuri, lakini alijua pia kwamba mteja hasubiri maelezo. Angesikia neno TB, angeitazama glasi, angechukua mkoba.

Akameza vidonge kila asubuhi. Na kila asubuhi akaangalia chupa za jana.

Kwanza chakula kilimkinai. Kisha kichefuchefu. Kisha binti yake Faith, aliyemaliza kidato cha nne na kubaki nyumbani akimsaidia, akamshika bega wakiwa uani.

"Mama, hebu geukia juani. Mbona macho yako yamekuwa kama kiini cha yai?"

Safari hii alionana na daktari, mwanamke wa umri wake, asiye na maneno mengi. Alimbonyeza chini ya mbavu za kulia hadi Coleta akaguna. Hakumuuliza kama anakunywa. Alimwambia, "Nitajie kila kilichopita kooni mwako jana, tangu ulipoamka."

Coleta akataja. Kuonja chupa ya juzi, dawa, chai ya rangi, muhogo wa kuchemsha ambao hakuumaliza. Kuonja chupa za walimu. Ugali kidogo. Kuonja chupa za mama wa kitenge na wenzake, kisha za Minza, kisha...

"Unaonja kwa chombo gani?"

Coleta akaonyesha kwa kiganja ukubwa wa kile kikombe.

"Mara ngapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Vidole vikaisha. Akaiangalia mikono yake yote miwili iliyo wazi, akaishusha mapajani polepole.

Daktari hakumkemea. Alisimamisha dawa. Alisema angependa kumlaza, kwa sababu mtu aliyezoea akiacha ghafla mwili nao hugoma, na Coleta akaomba aende kwanza akapange nyumba. "Basi nisikilize," daktari akasema. "Ini likipumzika nitakurudishia dawa pole pole, na kifua kitapona. Ukionja, hata tone, sitaweza kutibu kifua wala ini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nyumbani alimwambia Basil nusu ya maneno: dawa zimegusa ini, wamezisimamisha. Nusu nyingine ilikaa mdomoni ikakosa pa kutokea. Angeanzaje? Mume anayemsifu sokoni kwamba hanywi, amwambie nini?

Hakurudi kulazwa. Siku za kwanza alitokwa jasho hadi godoro likalowa, akaona siafu wakitembea ukutani ambako Faith hakuona kitu. Faith alidhani ni malaria, akampa uji. Ikapita. Wiki iliyofuata aliweza kumaliza sahani ya wali, na weupe wa macho ukaanza kurudi pembeni. Alijitazama kwenye kioo cha kaunta, akajiona, akapiga ishara ya msalaba.

Wageni alimwachia Faith. Chupa ilipelekwa mezani na kifungulio juu ya sahani, kila mtu ajifungulie.

"Aa, siku hizi kwa Mama Faith ni hotelini!" mwalimu mmoja alitania. "Tunajihudumia!"

Walicheka. Lakini wakati wa kumimina walitazamana, na glasi zilichukua muda kabla ya kuinuliwa.

Jumatano moja Minza alikunywa pale akiwa hajala tangu asubuhi, kwa sababu alikuwa ameshinda mnadani na mumewe. Alifika nyumbani akatapika, akaendelea kutapika, akapelekwa kutundikiwa dripu. Kesho yake alikuwa anakaanga vitumbua. Lakini habari haikusubiri vitumbua. Ilikuwa imekwisha kuzunguka soko zima, na haikuzungumzia njaa ya Minza. Ilizungumzia jambo moja: chupa ile Mama Faith hakuionja. Na ni wiki ngapi sasa haonji? Amejifungia chumbani anafanya nini?

Jioni yake sebule ilikaa tupu. Na iliyofuata. Mtu alipita barabarani, akatema mate mbele ya mlango, akaendelea na safari yake.

Josefina alifika kutoka Pito juu ya bodaboda, kiuno kikimuuma, hakuna aliyemwita. Hakukaa.

"Nimeyasikia kwa wauza maharage. Ulimpa mtu chupa hujaonja?"

"Mama, naumwa ini."

"Na mimi niliumwa malaria."

Faith alikuwa jikoni akikoroga mboga, na wote wawili walisikia mwiko wake ukisimama.

"Wewe una bati," Josefina akasema, sauti imeshuka. "Bati haliungui kama nyasi. Lakini una mtoto wa kike. Nani ataoa nyumba inayosemwa? Meza funda moja, wakuone. Ini litapona. Jina haliponi."

Jumamosi mchana Minza alikuja. Alikuja na wanawake wawili, na kwa namna walivyoshikilia mikoba yao Coleta alijua kwamba wametumwa na wengi.

"Shoga, nimefufuka!" Minza aliingia akipaza sauti. "Ngeleja alishaanza kuchagua ng'ombe wa matanga, mshenzi yule. Alimchagua yule aliyekonda!"

Wakacheka kidogo, wakaketi. Minza akamshika Coleta mkono. "Mimi siamini hata neno moja. Nataka ujue hivyo. Lakini watu wana midomo, na mdomo unazibwa kwa kitu. Leta chupa. Ya kwako mwenyewe, kwa mkono wako."

Coleta akaleta. Akafungua mbele yao, akamimina kwenye kikombe cha kahawa. Josefina alisimama kwenye mlango wa uani, amefunga mikono kifuani. Coleta akagusisha midomo, akainua kidevu, akashusha kikombe.

"Mama Faith," Minza akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kweli. "Mimi Msukuma, nilikuja hapa sijui lolote, mkanifundisha wenyewe. Koo halijacheza."

Mmoja wa wale wawili akafungua zipu ya mkoba, akaifunga tena. Coleta alifikiri kusema. Maneno yalikuwa matatu tu, nina kifua kikuu, na mengine yangefuata yenyewe: dawa, ini, daktari. Akazitazama glasi zilizopangwa juu ya kaunta, ambazo wanawake hawa walikuwa wamezinywea miezi yote ile alipokuwa anakohoa na kuwaambia ni vumbi. Wangezihesabu nao.

Akakiinua kikombe tena. Akameza. Kisha, kwa sababu kulikuwa na kilichobaki, akakimaliza.

"Haya!" Minza akapiga makofi. "Huyo ndiye Mama Faith wangu! Mimina, mama, mimina, tumekauka!"

Waliondoka wakiimba nyimbo za kwaya. Coleta alikusanya glasi, na alipozipanga kwenye beseni zikawa hazigongani. Akainyoosha mikono mbele ya macho. Ilikuwa imetulia kabisa, kwa mara ya kwanza tangu aache. Hilo ndilo lililomtisha, na ndilo pia lililomfanya asilie.

Kesho yake, baada ya misa ya pili, grosari ilijaa hadi barazani. Kila mtu alitaka kuona kwa macho yake, na kila meza ilitaka chupa yake.

Alilazwa kabla mwezi haujaisha. Tumbo lilikuwa limejaa maji, miguu imevimba, macho sasa yalikuwa ya manjano hata kwenye kivuli. Kuna siku Coleta aliamka akijua siku na tarehe, na kuna siku alimwita Flavian kwa jina la marehemu kaka yake na kumuuliza kama ulezi umekwisha kuvunwa.

Alasiri moja, siku mbili baada ya Basil kurudi kutoka Kasanga, akili ya Coleta ilikuwa safi. Basil alimletea mchuzi wa mgebuka kwenye chupa ya chai, akamnywesha kijiko kimoja, cha pili akakitapika.

"Na grosari?" Coleta akauliza.

"Usiitie mawazo. Faith anaiendesha vizuri. Jana nimeongeza benchi barazani, watu hawaenei."

"Wanakubali kuhudumiwa na mtoto?"

"Mwanzo waliguna. Lakini bibi yake amekaa naye, akamwelekeza." Basil akatabasamu, hakuwa na habari nyingine njema ya kuleta. "Sasa anawaonjea mwenyewe. Na kile kikombe chako. Minza anasema anainua kidevu kama wewe kabisa."

"Anaonja kiasi gani?"

"Aa, kidogo tu. Kama wewe."

Akalisukuma blanketi kwa mikono miwili. Ilimchukua muda kuteremsha miguu, na vidole vilipapasa saruji.

"Nipe ndala zangu."

"Unakwenda wapi, Mama Faith?"

"Nipe ndala."

Basil akapiga magoti, akazitoa chini ya kitanda, akajaribu kumvisha. Hazikuingia. Mguu ulikuwa umejaa kama mkate ulioumuka, na mkanda wa ndala ulizama kwenye nyama. Coleta akamshika kola ya shati.

"Basi nenda wewe. Nenda sasa hivi. Mwambie asionje. Mwambie mama yake hakuwa anaonja, alikuwa anakunywa. Nilikuwa nakunywa, Baba Faith. Kila siku. Tangu asubuhi."

Basil alimtazama mke wake ambaye katika miaka yote ya ndoa hakupata kumwona na glasi mkononi. Alipokuwa anaingia, pale mlangoni, muuguzi alikuwa amemtayarisha: ini likifika hapo, sumu hupanda kichwani, mgonjwa husema mambo yasiyokuwapo, msibishane naye.

"Sawa," akasema kwa upole. "Nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Hayo uliyosema. Lala kwanza."

Akamwinua miguu, mmoja baada ya mwingine, akairudisha kitandani, akavuta blanketi hadi kifuani. Akaokota ndala, akazipangusa vumbi kwa kiganja, akazirudisha chini ya kitanda. Kisha akafunga vizuri chupa ya mchuzi, akaangalia jua dirishani, akakaa kwenye kiti kusubiri usingizi umchukue mkewe.